Presha ya mama, pumzi ya mtoto: dakika zinazofuata sindano ya mgongo

Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, mjamzito huulizwa maswali hadi akachoka. Ulikula lini? Una mzio na dawa gani? Ulishawahi kupasuliwa? Nani amekusindikiza, na nani atachangia damu ikihitajika? Yote yana maana yake. Lakini swali zito kuliko yote huulizwa akiwa ameshalazwa mezani, miguu imeshakufa ganzi, na anayeuliza ni yule aliyeketi upande wa kichwa chake: “Mama, unajisikiaje?”

Akijibu, “Nasikia kichefuchefu, dokta,” mtaalamu anayeijua kazi yake hachukulii kuwa mama analalamika. Amepewa kipimo. Mara nyingi kauli ya mama hutangulia mashine katika kutoa taarifa kwamba presha imeanza kushuka. Na presha ya mama ikishuka, aliye tumboni naye anaanza kupungukiwa hewa, ingawa yeye hana mdomo wa kusemea.

Tuanze na sindano yenyewe, maana ndiyo inayowatia wengi hofu. Mama huketishwa pembeni mwa kitanda, akakumbatia mto, kidevu kifuani, mgongo ameupinda utokeze kwa nje. Nesi humshika mabega asicheze. Mgongo unapakwa dawa ya kuua vijidudu, ya baridi ya kumshtua mtu, kisha mtaalamu wa usingizi anapapasa pingili za kiuno, kwa kawaida kati ya ya tatu na ya nne, chini ya pale uti wa mgongo wenyewe unapoishia. Anapitisha sindano nyembamba taratibu. Tone la maji angavu likichungulia kwenye mdomo wa sindano, anajua amefika. Dawa anayoingiza ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: mililita mbili hivi za bupivakaini nzito, pengine ikiongezewa fentanili kidogo pale inapopatikana.

Mama analazwa haraka. Miguu inaanza kupata joto, halafu inakuwa mizito, halafu inakuwa kama si yake. Mtaalamu anachukua pamba yenye spiriti, anamgusa pajani, tumboni, kifuani, akiuliza ni wapi anapohisi ubaridi. Ganzi inatakiwa ipande hadi karibu na usawa wa chuchu. Ikiishia chini ya hapo, mama atasikia maumivu pindi tumbo litakapovutwa.

Na hapo ndipo ulipo mtego. Ili ganzi ifike juu kiasi hicho, inabidi ipite kwenye neva nyembamba ambazo kazi yake haihusiani na maumivu hata kidogo: zile zinazoifanya mishipa ya damu ibaki imekaza. Dawa haichagui neva. Mishipa inalegea, hasa ya miguuni na tumboni, na damu ileile iliyokuwamo mwilini sasa inajikuta ndani ya mishipa iliyopanuka. Presha inashuka, wakati mwingine ndani ya dakika mbili au tatu. Tafiti zimehitilafiana katika hesabu kwa kuwa hazikukubaliana juu ya kiwango cha kuita presha ya chini, lakini bila kinga yoyote hali hii huwapata zaidi ya nusu ya wanawake wanaochomwa sindano ya mgongo kwa ajili ya upasuaji wa uzazi, na katika baadhi ya tafiti wamefika saba au wanane kati ya kumi. Kwa hiyo tusiite ajali. Ni jambo la kutarajiwa, na jambo la kutarajiwa huandaliwa.

Ujauzito nao unaongeza uzito wake. Mwanamke wa miezi tisa akilala chali, mji wa mimba huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo kutoka sehemu ya chini ya mwili. Mwaka 1953 madaktari watatu wa Marekani, Howard, Goodson na Mengert, waliandika juu ya wajawazito waliokuwa wakizimia kwa kulazwa chali tu, bila dawa yoyote. Mwenye mwili usio na ganzi hujitetea: mishipa hubana, moyo huenda mbio, naye mwenyewe hugeuka ubavu kabla hajajua kwa nini. Aliyepigwa sindano ya mgongo amenyang’anywa silaha hizo zote kwa mkupuo, pamoja na uwezo wa kugeuka.

Kwa nini mtoto aumie? Ubongo na figo za mtu mzima zinaweza kujirekebishia mtiririko wa damu presha inapoyumba kidogo. Mji wa mimba, siku za kujifungua zikikaribia, hauna uwezo huo wa maana. Unapitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika, na kiasi hicho kinafuata presha ya mama kama ilivyo kwenye nyumba ya mwisho ya bomba la mtaa: msukumo ukipungua huko juu, wa kwanza kukosa maji ni yule wa mwisho. Damu inayofika kwenye kondo la nyuma ikipungua, oksijeni inapungua, mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, na asidi inaanza kurundikana katika damu yake.

Ikirekebishwa upesi, mtoto hatojua kilichotokea. Tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilionyesha kuwa presha iliyoshuka kwa muda usiozidi dakika mbili hivi, ikatibiwa papo hapo, haikuacha alama ya maana katika damu ya kitovu. Kinachomuumiza mtoto ni kuachiwa. Watafiti wa enzi hizohizo waliona jambo jingine ambalo linamhusu zaidi daktari mpasuaji: tangu kisu kinapogusa mji wa mimba hadi mtoto anapotoka, zikizidi dakika tatu, asidi katika damu ya mtoto huongezeka. Wagonjwa husifia upasuaji wa haraka kwa kutazama urefu wa saa nzima ya chumbani. Haraka inayomhusu mtoto ni ya dakika hizo chache.

Watu wengi hawajui kwamba alama wanazoandikiwa watoto wao kwenye kadi baada ya kuzaliwa, zile za “kapata nane, baada ya dakika tano kapata kumi,” zilibuniwa na daktari wa usingizi. Virginia Apgar alikuwa daktari wa usingizi mjini New York, na mwaka 1949 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa kamili katika chuo cha udaktari cha Columbia. Kwenye vyumba vya kujifungulia alikokuwa akifanya kazi, wote walimkimbilia mama, na mtoto aliyezaliwa amelegea alionekana kama ameshaandikiwa. Mwaka 1952 alipendekeza mambo matano yaangaliwe: mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, namna mtoto anavyoitikia akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila moja sifuri, moja au mbili. Makala yake ilichapishwa mwaka 1953, na mojawapo ya matumizi ya kwanza ya alama hizo ilikuwa kulinganisha aina za ganzi. Watoto wa sindano ya mgongo walipata alama za juu kuliko wale ambao mama zao walilazwa kwa nusu kaputi. Kwa maneno mengine, tangu siku ya kwanza alama hizo zilikuwa zikimkagua aliyeketi kichwani mwa mama, si mtoto peke yake.

Alama za Apgar hata hivyo zina uvivu fulani. Mtoto anaweza kupata nane na damu yake ikawa imeshachacha. Kwenye hospitali kubwa duniani huchukuliwa damu kidogo kutoka kwenye mshipa wa kitovu mara tu baada ya kukatwa, ikapimwa kiwango cha asidi. Chini ya 7.2 madaktari wanaanza kuuliza maswali; chini ya 7.0 wanauhofia ubongo wa mtoto. Hospitali zetu nyingi hazina mashine hiyo karibu na chumba cha upasuaji, kwa hiyo madhara madogo ya presha iliyoachiwa hayaandikwi popote. Mtoto akilia, kila mtu anashukuru, faili linafungwa.

Ni kipimo hicho cha damu ya kitovu kilichokuja kupindua mojawapo ya imani kubwa za fani hii. Kisa chenyewe kinastahili kusimuliwa taratibu.

Dawa ya kupandisha presha iliyotawala vyumba vya upasuaji wa uzazi kwa miongo kadhaa inaitwa efedrini. Asili yake ni mmea ambao Wachina wameutumia tangu kale, na Mjapani Nagai Nagayoshi aliichuja kutoka humo mwaka 1885. Mwaka 1974 Ralston na wenzake huko Marekani waliwapa kondoo wajawazito dawa mbalimbali za kupandisha presha, wakapima damu inayokwenda kwenye mji wa mimba. Dawa zinazobana mishipa ziliipunguza damu hiyo, efedrini haikuipunguza. Hitimisho likaenea dunia nzima, likaingia vitabuni, likawa swali la mtihani: kwa mjamzito, tumia efedrini; dawa zinazobana mishipa, usiguse. Kizazi kizima cha wataalamu wa usingizi kililelewa hivyo, wa kwetu wakiwamo.

Ila kondoo wale hawakuwa wanawake waliopigwa sindano ya mgongo. Mishipa yao haikuwa imelegezwa na ganzi. Hilo lilikaa wazi mbele ya macho ya watu kwa zaidi ya robo karne. Walioanza kuulizia kwa ukaidi walikuwa Hong Kong, kundi la Warwick Ngan Kee wa Chuo Kikuu cha Kichina cha huko. Mwaka 2002 walikusanya majaribio yaliyokwisha kufanywa kwa wanawake wenyewe, wakalinganisha efedrini na fenilefrini, mojawapo ya dawa zilizokuwa zimepigwa marufuku na wale kondoo. Watoto ambao mama zao walipewa fenilefrini walikuwa na asidi ndogo zaidi katika damu ya kitovu. Dawa iliyoogopwa ndiyo iliyowafaa zaidi.

Sababu ilikuja kueleweka vizuri mwaka 2009, pale kundi hilohilo lilipopima dawa zenyewe katika damu ya mama na ya mtoto. Efedrini inavuka kondo la nyuma kwa wingi. Ikimfikia mtoto inamchochea, moyo wake unakwenda mbio, mwili wake unachoma nishati kuliko kawaida wakati ambapo angepaswa kubana matumizi. Fenilefrini haivuki sana. Inabaki kwa mama, inaikaza mishipa iliyolegea, basi. Nayo ina kasoro yake: inapunguza mapigo ya moyo wa mama, na ikizidi, damu inayosukumwa na moyo inapungua. Mama ambaye mapigo yake yameshashuka hadi hamsini hafai kuongezewa fenilefrini kwa kuwa tu presha iko chini. Huyo anahitaji efedrini, au atropini. Tangu mwaka 2015 noradrenalini iliyochanganywa kuwa nyepesi sana nayo imekuwa ikijaribiwa, kwa matumaini kuwa haitaupunguza moyo kasi kiasi hicho.

Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja kupitia jarida la Anaesthesia. Walisema fenilefrini ianze kutiririshwa mara tu baada ya sindano, mikrogramu 25 hadi 50 kwa dakika, bila kusubiri presha ianguke. Lengo ni presha ya juu ya mama ibaki asilimia 90 au zaidi ya ile aliyoingia nayo, na isiachwe kushuka chini ya asilimia 80. Tuiweke kwa namba: mama aliyepimwa 120 kabla ya sindano asishuke chini ya 108, na akifika 96 mtu awe ameshaingiza dawa, asiwe anaitafuta. Hapa pana jambo ambalo wauguzi wazoefu hulijua bila tamko: 96 ya mtu na 96 ya mtu mwingine hazifanani. Asiyepima presha ya kwanza, akaiandika, hana cha kulinganisha nacho baadaye.

Itakuwaje kuhusu dripu? Kwetu dripu ndiyo jibu la kila kitu, na chupa mbili kabla ya sindano zimekuwa kama ibada. Jibu la swali hili lilitoka Afrika, mjini Durban. Rout na Rocke na wenzao waliwachukua wanawake 140 waliopangiwa upasuaji, nusu wakapewa dripu nyingi kabla ya sindano, nusu hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993: bila dripu, asilimia 71 walishuka presha, wenye dripu, asilimia 55. Dripu inasaidia, ndiyo, lakini zaidi ya nusu bado walianguka. Sababu iko wazi ukikumbuka kwamba tatizo ni mishipa iliyolegea. Maji ya chumvi hayakazi mshipa, na sehemu kubwa yake huvuja kutoka kwenye damu ndani ya nusu saa. Leo wataalamu wanapendelea dripu ifunguliwe kwa kasi wakati uleule wa sindano badala ya kumchelewesha mama akisubiri chupa ziishe. Kwa mama ambaye mtoto wake ameshachoka tumboni, dakika 20 za kusubiri dripu ni dakika 20 zilizoibwa.

Kumlaza mama akiwa ameinamia kidogo upande wa kushoto ni desturi ya siku nyingi, na nzuri. Kisipokuwepo kitanda cha kuinama, shuka lililokunjwa likawekwa chini ya nyonga ya kulia linafanya kazi. Utafiti wa Columbia wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wanawake wenye afya, waliopangiwa upasuaji na wanaotiririshiwa fenilefrini vizuri, kuinamishwa nyuzi 15 hakukubadili hali ya watoto. Wapo waliosoma habari hiyo wakaitupa kabari. Wasifanye haraka. Walichosoma ni matokeo ya chumba chenye dawa na pampu; pale ambapo dawa inaingizwa kwa mkono, kwa kubahatisha wakati, shuka lile bado lina kazi yake. Kufunga miguu kwa bandeji au soksi za kubana nako kumeonekana kusaidia kuliko kutofanya lolote.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2019 jarida la Lancet Global Health lilichapisha matokeo ya wanawake waliofuatiliwa baada ya upasuaji wa uzazi katika nchi 22 za Afrika. Karibu 3,700 walikuwa na taarifa kamili. 20 kati yao walikufa, yaani zaidi ya watano katika kila elfu, mara 50 hivi ya nchi tajiri. Watoto waliokufa walikuwa 153 kati ya 3,506. Kutokwa damu na matatizo ya ganzi na usingizi yalijitokeza miongoni mwa mambo yaliyoandamana na vifo vya akina mama. Miaka mitatu kabla, uchambuzi mwingine katika jarida hilohilo ulikuwa umekadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban vifo 14 kati ya kila 100 vinavyotokea baada ya upasuaji wa uzazi vinatokana na usingizi au ganzi, na kwamba nusu kaputi iliandamana na hatari ya kifo mara tatu hivi ya sindano ya mgongo. Kwa hiyo anayetishika na haya niliyoandika akaamua kudai nusu kaputi atakuwa amekimbia mvua akaingia mtoni. Sindano ya mgongo, kwa walio wengi, ndiyo njia salama. Inachodai ni mtu wa kukaa na mama.

Mtu huyo ndiye haba. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi linapendekeza angalau madaktari bingwa watano kwa kila watu 100,000, na kanda yetu iko mbali mno na hapo. Katika vituo vya afya vilivyoboreshwa miaka ya karibuni nchini Tanzania ili vifanye upasuaji wa dharura, ganzi hutolewa zaidi na wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo, na wengi wanaifanya kwa ustadi wa kupigiwa saluti. Ila mara nyingi anayetoa ganzi yuko peke yake zamu nzima. Mtoto akitoka amelegea, macho yote yanamgeukia yeye amsaidie kupumua, huku mama aliyepasuliwa akibaki na mashine. Hili ni kosa la mpangilio, na halirekebishwi kwa kumlaumu aliye zamu. Chumba cha upasuaji wa uzazi kinahitaji mtu wa mama na mtu wa mtoto, wawili tofauti, tangu mwanzo.

Tumtazame muuguzi huyo kwa karibu, saa nane za usiku. Kabla hajamgusa mama mgongo, amevunja ampuli ya efedrini yenye miligramu 30, ameichanganya na maji hadi mililita 10, akaandika kwenye plasta “EFEDRINI 3 mg/ml” na kuibandika kwenye bomba la sindano. Sasa kila mililita mbili ni miligramu sita, kipimo cha kumpa mama mara moja na kusubiri. Akiwa na fenilefrini kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu ampuli huja na miligramu 10 katika mililita moja, na kipimo cha mara moja ni mikrogramu 50 hadi 100. Yaani ampuli moja ni dozi 100 au zaidi. Lazima aiweke yote kwenye chupa ya mililita 100, ndipo kila mililita iwe na mikrogramu 100. Akikosea nukta moja, presha ya mama inaruka hadi kwenye hatari ya kupasua mshipa wa ubongo. Ndiyo maana wapo wasimamizi wanaosita kuisambaza vituoni. Hoja yao ninaielewa. Dawa yenye hesabu ya kukunja uso ifundishwe kwanza, ndipo isambazwe. Efedrini nayo haijawa takataka. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kazi iliyoandikiwa humo ni hii hasa: kuzuia presha kushuka kwenye ganzi ya mgongo wakati wa kujifungua. Efedrini iliyo mkononi ni bora mara elfu kuliko fenilefrini iliyo kwenye makala ya jarida.

Kinga ya presha hugeuka mzaha pale bomba hilo linapoandaliwa baada ya mama kuzimia. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ile inayosomwa kwa sauti kabla ya kisu, ilifanyiwa majaribio kati ya 2007 na 2008 katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2009, vifo katika hospitali hizo kwa ujumla wake vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakukununuliwa mtambo wa ajabu. Watu walisimama, wakaulizana. Kwa upasuaji wa uzazi, hospitali yoyote inaweza kuongeza swali lake moja humo: dawa ya kupandisha presha imeshavutwa, na iko mkononi mwa nani?

Wapo akina mama ambao sindano ya mgongo haiwafai, na hapa ndugu wanaosubiri nje wasione wanazungushwa. Mama anayevuja damu nyingi, kondo limeachia au limetangulia, mishipa yake imeshabana kuokoa maisha. Ukiilegeza kwa ganzi, presha inaporomoka na inaweza isirudi. Huyo mara nyingi hupewa usingizi kwa ketamini. Mwenye dalili za kifafa cha mimba, ambaye presha yake iko juu, wengi walidhani ndiye atakayeanguka vibaya zaidi. Utafiti wa Wafaransa wa mwaka 2003 ulionyesha kinyume: wenye hali hiyo kwa ukali walishuka presha mara chache kuliko wajawazito wenye afya. Ikiwa damu yake inaganda vizuri na fahamu zake ni timamu, sindano ya mgongo si adui yake.

Ganzi nayo inaweza kupanda kupita ilipokusudiwa. Dalili zake mama mwenyewe anaziona: vidole vya mikono vinachonyota, mkono unakosa nguvu ya kushika, sauti inakuwa ya chini, pumzi inakuwa fupi. Hapo presha hushuka pamoja na mapigo ya moyo, na vifaa vya kumsaidia kupumua vinatakiwa viwe palepale, viwe vimeshajaribiwa. Ripoti za vifo vya akina mama nchini Afrika Kusini zimekuwa zikirudia jambo hili kwa miaka mingi, hasa kwa hospitali za wilaya: sindano ilichomwa sawasawa, lakini hapakuwa na mtu, dawa au utayari wa kushughulikia kilichofuata.

Nitaje jambo moja la kale, kwa kuwa tunapenda kudhani elimu hii yote ilishuka kutoka melini. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia upasuaji wa uzazi huko Kahura, Bunyoro, Uganda ya leo. Mganga alimpa mama pombe ya ndizi hadi akalewa, akanawa mikono na kulisafisha tumbo kwa pombe hiyohiyo, akapasua, akazuia damu kwa chuma cha moto, akalifunga jeraha kwa pini za chuma na dawa ya mizizi. Felkin alipoondoka siku chache baadaye jeraha lilikuwa limefunga, mama na mtoto wote hai. Sindano ya mgongo yenyewe ilikuwa haijazaliwa. August Bier aliifanya kwa mara ya kwanza huko Kiel, Ujerumani, Agosti 1898. Waliokuwapo Bunyoro walijua tayari kwamba mama asiye na maumivu na mtoto aliye hai ni kazi ya watu kadhaa.

Kwa kamati za hospitali na bodi za vituo vya afya, ombi ni fupi. Mkikagua stoo, msihesabu bupivakaini bila kuhesabu efedrini. Ulizeni mashine ya presha ya chumba cha upasuaji inapima kila dakika, au inabidi mtu akumbuke kubonyeza. Ulizeni mkanda wake unaingia mkono wa mama mnene. Ulizeni nani anampokea mtoto.

Na wewe mama unayekwenda kupasuliwa: mweleze mtaalamu wa usingizi presha yako ya kliniki, kama una tatizo la moyo, kama umevuja damu, na kama ulishawahi kuzimia kwa kulala chali. Ukiwa mezani, usijikaze. Ukisikia kichefuchefu, kizunguzungu, kupiga miayo, giza machoni au pumzi kuwa nzito, sema hapohapo, kwa sauti, hata kama wameshaanza kukata. Hakuna atakayekuona mdekaji, na mwanao anahitaji useme.